Geneva bila malipo, au Tanga kwa laki tatu na nusu?

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 24, nimemaliza shahada ya sheria mwaka jana. Nataka kufanya kazi ya biashara na haki za binadamu upande wa maendeleo ya kimataifa. Nimepata nafasi mbili za mafunzo tarajali, zote za miezi sita. Moja iko Geneva kwenye ofisi ya kimataifa, haina malipo. Baba yuko tayari kuuza kiwanja chake cha Kigamboni ili niende. Nyingine iko Tanga, kituo kidogo cha msaada wa sheria kinachoshughulika na fidia za ardhi na migogoro ya vibarua, posho shilingi 350,000 kwa mwezi. Rafiki zangu wote wanasema Geneva. Halafu naomba uniambie ukweli: hii kazi ni kufanya nini hasa? Mimi naona watu wanakwenda semina tu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwambie baba asikiuze kiwanja.

Nimeanza na hilo ili hata ukiishia hapa kusoma uwe umeondoka na kitu. Geneva sina ugomvi nayo. Kila mwaka tangu 2012 Umoja wa Mataifa huitisha pale kongamano la biashara na haki za binadamu, nalo ndilo gulio kubwa la fani yetu: mawakili, maofisa wa kampuni, wanaharakati na mabalozi, wote wamesimama koridoni na vikombe vya kahawa wakipeana kadi. Vikao vikubwa hurushwa mtandaoni. Unaweza kuvitazama kwa simu umekaa kibarazani Chumbageni, hapo Tanga, na hutakuwa umekosa mengi zaidi ya hizo kadi.

Kuishi kule miezi sita bila kulipwa ni habari nyingine. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi wanafunzi tarajali wake, ingawa Shirika la Kazi Duniani, ILO, lililo katika mji uohuo, huwapa posho. Mwaka 2015 kijana mmoja wa New Zealand, David Hyde, alionekana magazetini akilala kwenye hema kando ya ziwa, na asubuhi akienda ofisini na suti yake. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba hema lile alilipiga kwa makusudi ili watu waone. Waliona, na yeye akaacha nafasi. Miaka mitano baadaye wapigakura wa jimbo la Geneva walipitisha kima cha chini cha mshahara cha faranga 23 kwa saa. Kwa hiyo anayefagia ukumbi wa hoteli ana kima chake, na anayeandika ripoti juu ya haki za wafagiaji hana hata nauli. Ukitaka tucheke, tucheke, lakini kiwanja kibaki.

Sasa swali lako la pili, ambalo ningelitanguliza kama ningekuwa wewe.

Kwa lugha ya vitabuni, kazi yetu imejengwa juu ya Kanuni Elekezi 31 za Umoja wa Mataifa, zilizoandaliwa na Profesa John Ruggie na kuridhiwa na Baraza la Haki za Binadamu tarehe 16 Juni 2011. Serikali ina wajibu wa kulinda watu, kampuni ina jukumu la kuheshimu haki zao, na aliyeumizwa apate pa kwenda ili jeraha lake litibiwe, iwe ni kwa fidia, kwa kurudishwa kazini au kwa kuombwa radhi. Ni kijitabu chembamba, jioni mbili zinakutosha. Soma kwa makini kanuni ya 31, inayoeleza mfumo wa malalamiko wa kampuni unapaswa uweje. Ukishaisoma, nenda kaulize kwenye kampuni yoyote funguo za sanduku la maoni anazo nani. Mimi nimewahi kuambiwa, bila haya, kwamba anazo nyapara.

Kwa lugha ya kazini, ni kazi ya karatasi. Kuna karatasi ya kampuni na kuna karatasi ya mtu, na wewe unatafuta mahali zinapoachana. Semina huja baada ya hapo, na wengi wa wanaozihudhuria hawajawahi kuishika hata moja ya karatasi hizo.

Ngoja nikusimulie nilivyolijua hilo, kwa sababu nami nilianza kama mwanafunzi tarajali. Nilipewa dodoso la maswali 84. Lilikuwa limetungwa Ulaya na kutafsiriwa kwa Kiswahili ambacho sijakisikia kwa mtu yeyote kabla wala baada. Swali moja lilikuwa hivi: "Je, unahisi kujumuishwa katika michakato ya maamuzi ya mahali pako pa kazi?" Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya kibanda cha mizani, shamba la chai, namsomea mama mmoja wa makamo aliyetoka kutua kapu. Alinisikiliza kwa heshima zote mpaka swali la thelathini hivi. Hapo akaniuliza, "Mwanangu, la kilo limo?"

Nikapekua kurasa mbele na nyuma. Halikuwamo.

Akafungua pindo la khanga, akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, ndani yake daftari la hesabu lililokatwa nusu kwa kisu. Kila siku ya kazi ameandika namba mbili. Ya kwanza ni kilo alizoziona yeye kwenye mshale wa mizani, ya pili ni kilo alizoandikiwa na karani kwenye kipande. Thelathini na moja, ishirini na nane. Ishirini na saba, ishirini na nne. Siku za mvua pengo linafika kilo tano. Karani alikuwa anakata uzito wa kapu na anakata "maji", yaani umande na mvua iliyomo kwenye majani. Kukata kapu ni haki, kwani kapu nalo lina uzito wake. Lakini tulipopima kapu tupu, mshale ulisimama kwenye kilo moja na ushee. Na maji yalikatwa hata siku ambazo pembeni ya daftari mama yule alikuwa amechora jua.

Miezi minne ya daftari lile ndiyo tuliyoingia nayo kwenye kikao. Meneja alikuwa na cheti cha ukaguzi ukutani, kimewekwa kwenye fremu, na naamini hakuwa akijua ya mizani. Wakaguzi waliompa cheti walipita kwa siku mbili na dodoso kama langu. Tulichokipata: kapu tupu lipimwe kila asubuhi mbele ya wachumaji na uzito uandikwe kwa chaki ubaoni. Tulichokikosa: kilo za nyuma hazikulipwa. Mama yule aliniambia bora hivyo kuliko jana. Mimi bado naona haikutosha, na daftari lile ndilo lililonifundisha fani hii.

Kwa hiyo usidharau kituo cha Tanga. Mle ndani utakutana na mtu aliyefukuzwa kazi amefika siku ya 34, wakati shauri la kuachishwa kazi linatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Chuoni uliijua hiyo kanuni. Pale utajifunza kumuuliza mtu alikuwa wapi siku zile nne, na kutokana na jibu lake kuandika maombi ya kuongezewa muda ambayo msuluhishi atayasoma hadi mwisho. Utajifunza kusoma hati ya malipo kama fundi anavyosikiliza injini. Saa za kawaida kwa sheria yetu ya ajira ni 45 kwa wiki, saa za ziada hazizidi 50 ndani ya wiki nne na hulipwa mara moja na nusu. Ukiiona hati ambayo saa za ziada ni sifuri kwa kibarua wa msimu wa mavuno, hapo anza kuuliza. Kwenye makato ya NSSF usiishie kuona kwamba yamekatwa. Nenda na mwenye namba NSSF mkaangalie kama yamefika.

Na ardhi ndiyo usiseme. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia Chongoleani, hapohapo Tanga. Sehemu kubwa ya njia yake iko Tanzania. Fidia ya ardhi kwetu huhesabiwa kwa kanuni za 2001, na wanasheria wengi wazuri hawajawahi kuzifungua. Zifungue. Utakuta posho ya usumbufu, utakuta posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, utakuta posho ya usafiri inayokadiriwa kwa kuhamisha mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20. Muulize mwanakijiji kama alilipwa usafiri, atakuambia alilipwa "hela ya fidia", basi, jumla jumla. Mpe karatasi yake muisome pamoja mstari kwa mstari. Mara nyingi ni siku hiyo ndipo anapojua alisaini nini.

Halafu kuna nyumba. Mthamini wa kwetu amezoea kukata uchakavu: nyumba ya udongo ya miaka 20 inathaminiwa kama kitu kilichochoka. Viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, vinasema mtu alipwe gharama ya kujenga nyingine bila kukatwa uchakavu. Mradi wa bomba umejifunga wenyewe kufuata viwango hivyo, na miradi mingi mikubwa hufanya hivyo kwa sababu wakopeshaji wanataka. Hapo ndipo neno lako "maendeleo ya kimataifa" linapopata maana. Pesa za umma za nchi kadhaa zinapita benki, benki inaikopesha kampuni, kampuni inafika kijijini na daftari la mthamini. Ukijua pesa ilikotoka, unajua pa kupeleka malalamiko. IFC ina ofisi ya malalamiko inayoitwa CAO tangu 1999, Benki ya Dunia ina Jopo la Ukaguzi tangu 1993, Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina utaratibu wake. Hizi hazifungi mtu jela wala hazina nguvu ya hukumu, lakini zinaweza kumfanya mkopeshaji aulize maswali ambayo mkuu wa wilaya hakuuliza.

Uvumilivu unao? Nauliza kwa sababu ya Owino Uhuru. Ni kitongoji cha Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi 2007, na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda hichohicho. Mtoto wake mwenyewe akaugua, akapimwa, ikaonekana ni risasi. Aliacha kazi akaanza kuandamana na majirani, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: aliyezaliwa moshi ulipoanza alikuwa na miaka 17 hukumu iliporudi. Na kilichobaki kimesimama muda wote huo ni vipimo vya damu, vya udongo, na barua zilizowekwa vizuri na watu ambao wengi wao hawakuwa wanasheria. Miezi yako sita ndani ya kesi kama hiyo ni ukurasa mmoja. Ufanye usomeke na atakayeupokea.

Sasa nikuambie jambo ambalo silisemi kwa furaha. Mwaka wangu wa pili niliongoza wageni wa shirika moja la wafadhili kwenda kuzungumza na vibarua. Tulikaa chini ya mwembe, mbali na geti, tukajiona wajanja. Mwishoni mgeni mmoja aliomba picha ya pamoja. Dada mmoja aliyekuwa ameongea kuliko wote akasimama katikati, anacheka. Hatukuangalia nani anapita barabarani. Wiki iliyofuata jina lake halikuwapo kwenye orodha ya vibarua wa siku, wala wiki iliyofuata tena. Mimi nilikuja kulijua hilo baada ya mwezi, kupitia kwa mwenzake, kwa sababu sikuwa nimempigia simu. Nilikuwa naandika ripoti. Tulimsaidia kupata kazi kwingine, lakini hakurudi kuzungumza na mtu wa shirika lolote, na simlaumu.

Tangu siku ile sipigi picha za nyuso. Majina naandika kwenye daftari moja, maelezo kwenye jingine, kwa namba. Namuuliza mtu kwanza akiulizwa na nyapara tulikuwa tunazungumza nini atajibu nini, na kama hana jibu, hatuzungumzi siku hiyo. Na baada ya wiki mbili napiga simu, hata kama sina jipya. Kituo kikikutuma fildi bila kukufundisha haya, uliza. Wakikuambia "hapa kwetu hakuna shida", uliza tena.

Rafiki zako watakuambia soko la ajira liko Ulaya, na hawajakosea sana. Ufaransa ilipitisha 2017 sheria ya kuzilazimisha kampuni kubwa zijichunguze, zenyewe na wagavi wao, kabla madhara hayajatokea. Ya Ujerumani ilianza kazi Januari 2023. Umoja wa Ulaya ukapitisha maelekezo yake 2024, na wino haujakauka, mwaka 2025 ukaanza kuyapunguza makali. Mashirika yaliyoipeleka TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, mahakamani Paris kuhusu mafuta ya Uganda na bomba letu yalianza 2019, na Februari 2023 shauri lao likakataliwa kwa sababu za utaratibu, kiini chake hakikusikilizwa. Sikuambii upuuze sheria hizo. Kampuni inayouza parachichi au maua Ulaya sasa inatafuta mtu anayeweza kwenda shambani, akasikia, akaandika, akaeleweka kule. Huyo mtu anatakiwa ajue Kiswahili cha kibarua na Kiingereza cha mnunuzi. Wahitimu wa vyuo vikubwa vya kule wana cha pili. Cha kwanza, kwa maana ya kujua kwamba "maji" kwenye kibanda cha mizani si maji, wao hawana na hakifundishwi darasani.

Mfano wa Kakuzi, shamba kubwa la parachichi Murang'a, Kenya, unafaa kuufuatilia. Wanavijiji na wafanyakazi walidai kuumizwa na walinzi wa shamba. Shauri likafunguliwa London dhidi ya kampuni mama, Camellia, na Februari 2021 ikakubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza. Kabla ya hapo maduka makubwa ya Uingereza yalikuwa yameanza kuacha kununua. Baadaye Kakuzi ilianzisha mfumo wake wa malalamiko na kuuita Sikika. Kuna wanaousifu na wanaoutilia shaka. Soma pande zote mbili, kisha jiulize wewe ungekuwa karani wa kupokea malalamiko pale ungeandika nini kwenye kitabu siku ya kwanza.

Shahada ya uzamili isubiri. Ukienda nayo sasa utasoma mifano ya wengine. Ukienda baada ya miaka miwili utakaa darasani unabishana na mwalimu. Na kama Tanga itaharibika, bisha hodi Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Dar es Salaam, ambacho kimekuwa kikitoa ripoti kuhusu haki za binadamu na biashara, au chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU. Vyama vya wafanyakazi vijana wa sheria mnavipita kama vituo vya daladala visivyo na abiria, sijui kwa nini. Humo ndimo mikataba ya hali bora inamoandikwa. Ukipata nafasi kwenye idara ya mahusiano ya jamii ya mgodi au shamba, nayo usiikatae kwa usafi wa moyo. Wapo waliojifunza zaidi ndani ya geti kuliko sisi tuliosimama nje. Uliza tu kabla ya kuingia kama barua zako zitafika kwa meneja au zitaishia kwa msemaji wa kampuni.

Kabla ya kusaini Tanga, taka mkataba wa maandishi hata kama ni ukurasa mmoja. Jina la msimamizi wako liwemo. Ukiugua au ukiumia fildi, nani analipa, liwemo. Na nauli za vijijini ziwe nje ya ile laki tatu na nusu, kwa risiti au kwa daftari lenye saini ya dereva, maana bodaboda za kwenda kwenye vitongoji ndizo humaliza posho ya mwanafunzi kabla ya tarehe 15. Baba akitaka sana kusaidia, akununulie kompyuta mpakato iliyotumika na buti za mpira.

Geneva wajibu wiki hii hii, kwa adabu, na uombe wakukumbuke nafasi yenye posho ikitokea. Usiandike "sababu za kifamilia". Andika kwamba nafasi haina malipo na huwezi kuimudu.